Mama Kibano na Meza ya Chini ya Ngazi

Mwone anavyokuja. Ni saa moja na nusu asubuhi, lango la jengo limefunguliwa nusu, mlinzi bado anapiga miayo. Anaingia mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwendo wake si wa mtu aliyeitwa na bosi, ni wa mtu aliyeitwa na kazi. Mkono wa kushoto amebeba ndoo ya plastiki iliyojaa balbu zilizokufa, zinagongana kama vikombe kwenye sinia. Mkono wa kulia ana kiti cha kukunja. Na kichwani, kwenye fundo la nywele alilolifunga nyuma, amechomeka kibano cha chuma chenye ncha nyembamba, kama wenzake wanavyochomeka kitana.

"Umeamkaje, mzee wangu?" anamwambia mlinzi.

"Salama, Mama Kibano. Leo umeleta maiti wangapi?"

"Maiti hawaletwi kwangu. Hawa ni wagonjwa tu."

Mlinzi anacheka, anashika upande mmoja wa meza, naye anashika wa pili, wanaivuta kutoka chini ya ngazi hadi pale inapofikiwa na mwanga wa lango. Ni meza ndogo, imechomwachomwa kwa chuma cha kulehemu mpaka uso wake una madoa kama ngozi ya chui. Hapo ndipo Mama Kibano anapofanyia kazi, mwaka wa sita sasa. Anatengeneza taa za LED, zile ambazo ukimuuliza mtu yeyote atakwambia hazitengenezwi, zikizima unatupa.

Jina la Kibano alilipata kiwandani. Kabla ya meza hii alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha balbu za zamani, zile za kioo zenye uzi ndani. Kazi yake ilikuwa kuushika ule uzi, mwembamba kuliko unywele, na kuuweka mahali pake bila kuupinda. Wenzake walikuwa wakisema angeweza kumvisha sisimizi viatu. Siku moja meneja alipanda juu ya sanduku akawaambia dunia imehamia kwenye LED na kiwanda kimebaki nyuma. Kama zawadi ya kuagana, kila mfanyakazi alipewa katoni ya balbu walizotengeneza wenyewe, balbu ambazo ndizo hasa zilikuwa zimekosa wanunuzi.

Alifika nyumbani na katoni yake kichwani. Mlangoni akamkuta wifi yake, dada mkubwa wa mume wake, mshonaji wa nguo, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukata kitambaa bila mkasi.

"Wifi, nasikia umefukuzwa kazi."

"Nimefukuzwa."

"Na nani?"

"Na taa."

"Basi umelaaniwa. Watu hufukuzwa na watu!"

Hakucheka siku ile. Kwa muda wa miezi minane hakutaka hata kuiona taa ya LED ndani ya nyumba. Mume wake, dereva wa lori, kila akirudi safari alikuta balbu za kiwandani zinawaka chumba kizima, zinapasha joto kama jiko, na umeme unaliwa kama karanga. Alimjua mkewe, akavumilia. Katoni ilipoisha, mama wa watu akaenda dukani kama anayekwenda kumwomba msamaha adui yake, akanunua LED moja. Boksi liliandikwa kwamba itadumu miaka mingi. Ilipotimiza mwezi wa tano tangu ainunue, ikazima.

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka peke yake jikoni, amesimama juu ya kigoda, balbu mkononi. "Kumbe na wewe unakufa!" aliiambia. "Haya, wewe uliyenifukuza, hebu nikuone sura."

Akachukua kisu cha kumenyea viazi, akang'oa kile kifuniko cheupe.

Ndani aliona kisahani cha chuma, na juu yake punje kumi na mbili za rangi ya manjano, ndogo kama punje za mtama, zimepangwa kwa duara. Kumi na moja zilikuwa safi. Moja ilikuwa na nukta nyeusi katikati, kama jicho la samaki aliyekaangwa. Akakaa chini. Mtu aliyeshika nyuzi kwa miaka kumi na tisa hahitaji kuambiwa mara mbili. Umeme ule ulikuwa ukipita punje hadi punje, kama watu walioshikana mikono kuvuka mto, na mmoja akiachia, wote wanapotea. Taa nzima ilikuwa imekufa kwa sababu ya punje moja, na watu wanatupa zote kumi na mbili.

Mwanzoni alifanya walichokuwa wakifanya mafundi wachache waliojaribu. Alidondosha risasi ya kulehemu juu ya ile punje iliyokufa, ikawa daraja, umeme ukapita juu yake. Taa ikawaka! Majirani wakapiga makofi. Akatengeneza ya jirani, na ya jirani wa jirani. Wiki ya tatu zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine, na kila moja ikiwa na punje mbili tatu zilizoungua zaidi. Mzigo wa yule aliyekufa walikuwa wameachiwa walio hai, nao wakachoka upesi. Akazikusanya zote, akazitengeneza upya bila malipo, na tangu siku ile akala kiapo kwamba yeye hajengi daraja. Punje ikifa anaing'oa na kuweka nyingine nzima, aliyoitoa kwenye taa ambayo ugonjwa wake ni kwingine. Ni kazi ya kibano na pumzi. Ukipumua vibaya punje inaruka, na ukishaipoteza sakafuni, kuitafuta ni kama kutafuta chembe ya chumvi kwenye mchanga.

Tena si kila taa anaipokea. Ikiwa kile kidude cha ndani kinachopunguza umeme kinanuka kuungua, anaitenga. "Hii nenda kanunue mpya," anasema, "mimi sitengenezi moto." Na akimaliza taa yoyote, anaiacha iwake juu ya meza saa mbili kamili kabla ya kumpa mwenyewe.

Miaka hiyo ya mwanzo walikuja na balbu za sebuleni tu. Sasa hivi, kaa naye asubuhi moja uone. Anakuja mama anayefuga vifaranga, ameleta taa ndefu za bandani, anasema zikizima kuku wanarundikana pembeni wanakanyagana. Anakuja kinyozi wa ghorofa ya pili na kioo chake kilichozungukwa na taa. Nusu imezima, wateja wanatoka wamenyolewa vizuri upande mmoja. Mtengeneza meno bandia analeta taa yake yenye shingo ndefu, ameikumbatia kama mtoto. Mwenye pikipiki analeta taa ya mbele. Kuna jamaa anayeotesha miche ya nyanya ndani ya chumba kisicho na dirisha, chini ya taa za rangi ya zambarau. Wapangaji wenzake walidhani ni mganga mpaka alipowagawia nyanya. Mabango, majokofu ya vinywaji, mashine za kushonea, vibanda vya picha, kila kitu siku hizi kimejaa punje. Na punje hufa.

"Wakati ule walisema taa hizi zimeniua," humwambia anayesubiri. "Sasa hebu hesabu foleni."

Foleni hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi Bwana Katoni.

Bwana Katoni ndiye mwenye duka kubwa la taa hapo chini, hatua ishirini tu kutoka kwenye ngazi. Jina hilo wapangaji walimpa kwa sababu hakuna siku ambayo mlango wake haukuzibwa na makatoni. Ni mtu mpole wa maneno, shati limenyooshwa, ukuta wake wote umewashwa taa za maonyesho mchana kutwa. Asubuhi moja alikuja mwenyewe hadi mezani, akavuta kasha akaketi.

"Dada yangu, mimi na wewe tuko kwenye biashara moja."

"Hatuko, kaka. Wewe unaziuza, mimi nazirudisha."

"Ndiyo hilo ninalosema! Unazirudisha. Mtu aliyenunua kwangu mwaka jana, mwaka huu angekuja kununua tena. Sasa anapita mlangoni kwangu na balbu mfukoni, ananisalimia vizuri kabisa, halafu anakuja kwako."

"Si anakusalimia lakini?"

Kinyozi aliyekuwa kwenye foleni akakohoa ili asicheke. Bwana Katoni hakukasirika. Alimweleza kwamba ana nafasi ya mtu wa kaunta. Mshahara wa kila mwezi, kiti cha ofisi kinachozunguka, chai saa nne. Sharti ni moja, meza ile iondoke.

Mama Kibano aliweka chuma chake chini, akamtazama. "Kaka, nilishawahi kuwa na mshahara wa kila mwezi. Siku moja mtu alipanda juu ya sanduku, mshahara ukaisha kabla hajashuka. Meza hii hakuna wa kuipandia sanduku."

"Fikiria, dada. Usijibu kwa haraka."

"Sijajibu kwa haraka. Jibu hili nilikuwa nalo kabla hujakaa."

Basi yangeishia hapo, mambo yangekuwa rahisi, yeye shujaa na mwenzake mbaya. Lakini wiki mbili baadaye Mama Kibano alifanya kosa, kosa la kweli, na hakulifanya kwa mgeni. Alilifanya kwa wifi yake.

Wifi ana chumba cha kushonea kwenye jengo hilo hilo, ghorofa ya kwanza. Hakina dirisha, kwa hiyo mchana na usiku kwake ni taa. Alikuwa amepata kazi kubwa ya sare za shule, sketi sabini za bluu iliyokoza, na taa tatu zilizo juu ya cherehani zilikuwa zimefifia mpaka alikuwa anatunga uzi kwa kukisia.

"Wifi, nitengenezee leo. Leo hii! Si kesho, si ukishamaliza vifaranga wa watu."

Sasa, kuna jambo ambalo fundi wa punje analijua na mtu mwingine hana haja ya kulijua. Punje zinazotoa mwanga mweupe na zinazotoa mwanga wa manjano hufanana sana zikiwa zimezimwa. Tofauti ni ndogo, hii ina manjano ya ndimu, ile ina manjano ya kiini cha yai. Mama Kibano ana desturi ya kuzichambua asubuhi, langoni, kwa mwanga wa jua. Siku hiyo mvua ilikuwa imelifunga jua tangu alfajiri, na wifi alikuwa amesimama nyuma yake kama mdai. Kwa hiyo akazichambua hapo chini ya ngazi, chini ya taa yake ya mezani ambayo yenyewe ni ya manjano. Chini ya taa ya manjano, rafiki, kila punje ni kiini cha yai. Macho yake yakaona zote ni za namna moja, mkono ukabadilisha punje zote zilizochoka.

Taa zikawaka vizuri, zikakaa saa mbili zao, zikapanda juu. Chumba cha wifi kikapata mwanga mzuri wa joto. Wifi akafurahi, akashona siku tatu mfululizo.

Siku ya nne, mchana, zikasikika sandali zikishuka ngazi kwa kishindo. Wifi alikuwa amebeba sketi kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha, kama mtu aliyebeba panya kwa mkia.

"Wifi. Hii ni rangi gani?"

"Bluu."

"Na huu mkanda wa kiuno?"

Mama Kibano akaisogeza sketi kwenye mwanga wa lango. Mkanda ulikuwa mweusi. Mweusi kama masizi.

"Mweusi," akasema polepole.

"Arobaini na tatu! Sketi arobaini na tatu nimezifunga mikanda ya kitambaa cheusi! Marobota yamekaa pamoja, nakata, nashona, juu kule yote yananionyesha rangi moja! Mwenye shule ameziona nje, ameniuliza kama nina msiba!"

Watu kwenye foleni wakasogea kuiona sketi. Mama Kibano hakusema mvua, hakusema haraka, wala hakumkumbusha nani alikuwa amesimama nyuma yake akimharakisha. Alipanda juu, akazitazama zile taa tatu, akakitazama kitambaa, akaelewa. Mwanga wa manjano huimeza bluu ikazama kwenye weusi.

"Kosa ni langu, wifi. Nimekuwekea punje sizo."

"Najua ni lako! La nani tena?"

"Nipe kifumulio."

Wakakaa sakafuni, mawifi wawili, wakafumua mikanda arobaini na mitatu. Ilichukua mchana ule na kesho yake yote. Wifi alimtukana kuanzia mkanda wa kwanza hadi kama wa ishirini, baada ya hapo akaanza kumsimulia habari za majirani. Taa zikashushwa, zikawekwa punje nyeupe zilizochambuliwa langoni, juani. Sketi zikaenda shuleni zimechelewa siku mbili. Mwenye shule alinung'unika lakini alizipokea.

Ila kelele za ngazini zilikuwa zimefika dukani kwa Bwana Katoni, hatua ishirini tu, naye akazipeleka ofisini. Kabla wiki haijaisha, msimamizi wa jengo alishuka na barua. Iliandikwa kwamba taa za LED kwa asili yake hazina fundi, kwamba zilizofunguliwa zimeharibu kazi ya mpangaji mmoja na zinaweza kuunguza za wengine, na kwamba meza iliyo chini ya ngazi iondolewe ndani ya siku saba. Kama mhusika ana neno, afike ofisini Alhamisi saa nne.

"Nitafika," Mama Kibano alisema. Akaikunja ile barua, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

Alhamisi ofisi ilijaa. Msimamizi alikuwa nyuma ya meza yake, mtu mwembamba asiyependa kelele. Bwana Katoni alikaa kitini. Kinyozi, mtengeneza meno na mama wa vifaranga walisimama mlangoni. Msimamizi akamwita wifi aingie, kwa kuwa yeye ndiye aliyeharibiwa kazi.

Mama Kibano alimsogezea njia. Wifi hajui kumung'unya maneno. Akisema kama alivyosema ngazini, meza imekwenda.

"Mama," msimamizi akaanza, "ni kweli huyu bibi aliharibu kazi yako?"

"Ni kweli."

"Sketi arobaini?"

"Arobaini na tatu. Usimpunguzie."

Bwana Katoni akatikisa kichwa kwa huruma. "Mnaona? Mimi sina ugomvi na dada yangu. Nawaonea huruma wapangaji tu."

Wifi akamgeukia taratibu. "Wewe nani amekwambia nahitaji huruma? Huyu ni mke wa mdogo wangu. Kumtukana nimemtukana mimi, nikachoka mimi, tena alikaa nami sakafuni siku mbili akifumua mpaka vidole vikamvimba. Mwaka juzi nilinunua kwako taa sita. Mbili zilikufa kabla ya mwezi. Nilipokuja ulinitazama kama mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa. Ulikaa na mimi sakafuni wewe?"

Mlangoni wakaguna. Msimamizi akagonga kalamu. "Tusigombane. Suala ni moja tu, taa iliyofunguliwa inaaminika au haiaminiki?"

Hapo Mama Kibano akasimama. "Niulize mimi, bwana msimamizi. Nilikosea. Nilichambua punje chini ya taa ya manjano, jambo ambalo hata mwanafunzi wangu, kama ningekuwa naye, ningemkemea. Sikatai. Lakini mnaniambia kosa langu linatokana na kufungua. Haya, tujaribu ambazo hazijafunguliwa." Akatoa kwenye mfuko vipande viwili vya kitambaa, kimoja bluu iliyokoza, kimoja cheusi, akavilaza mezani. "Kaka, lete katoni moja. Uichague mwenyewe. Mpya, ya taa nyeupe."

Bwana Katoni alisita. Lakini macho yote yalikuwa kwake, akamtuma mtu wake.

Pazia likafungwa. Kwanza wakafunga darini taa aliyoitengeneza Mama Kibano, mojawapo ya zile tatu za wifi. Bluu ikawa bluu, nyeusi ikawa nyeusi, hata msimamizi aliyevaa miwani aliona. Wakafunga mpya ya kwanza kutoka kwenye katoni. Bluu ikawa bluu. Ya pili, bluu. Bwana Katoni akaanza kutabasamu. Wakafunga ya tatu. Chumba kikageuka rangi kidogo, kama chai iliyotiwa maziwa. Msimamizi akainama, akasogeza miwani, akashika kitambaa, akashika kingine.

"Cheusi ni kipi hapa?"

Ile ya tatu ikashushwa. Wakafunga ya nne, bluu ikarudi.

"Hiyo ya tatu ni bahati mbaya ya kiwandani," Bwana Katoni akasema. "Hutokea."

"Yangu iliitwa kosa," Mama Kibano akajibu. "Yako inaitwa bahati mbaya. Nami yangu nimeshaifumua. Hiyo ya kwako nani ataifumua?"

Ungedhani mambo yameisha. Hayakuisha, maana msimamizi ana wapangaji wengi na duka la chini linalipa kodi kubwa kuliko wote, na mtu asiyependa kelele hutafuta karatasi. Siku ya sita tangu ile barua, akaleta karatasi. Meza itabaki, ilisema, kwa sharti kwamba mwenye meza hatatengeneza taa ya mpangaji yeyote wa jengo hili, wala taa yoyote iliyonunuliwa ndani ya jengo hili. Chini palikuwa na mstari wa kutia sahihi.

"Ni njia ya katikati," msimamizi alisema kwa upole. "Kila mtu anapata kidogo. Za nje zinakutosha, mama. Saini tu yaishe."

Na kweli za nje zingemtosha. Mama wa vifaranga ni wa nje. Mwenye pikipiki ni wa nje. Hata mume wake alipopiga simu kutoka safarini alimwambia, "Saini, mke wangu. Karatasi ni karatasi." Wifi peke yake ndiye aliyenyamaza, na wifi kunyamaza ni jambo la kuandikwa kwenye gazeti.

Mama Kibano aliisoma mara mbili. Kisha akamrudishia msimamizi ikiwa safi, bila hata doa la kidole.

"Bwana msimamizi, taa ikishanunuliwa ni ya nani?"

"Ya aliyeinunua, bila shaka."

"Basi na kuirudishia uhai ni ruhusa yake. Mimi nikitia sahihi hapa nitakuwa nimekubali kwamba kinyozi hana mamlaka juu ya kioo chake mwenyewe. Kiwanda kiliniambia nimeisha, nikakubali, nikabeba katoni nikaenda nyumbani nikanuna miezi minane. Sinuni tena. Kama meza inatoka, itoke. Lakini haitoki kwa kalamu yangu."

"Siku ya saba ni kesho, mama."

"Nazijua siku."

Siku ya saba ikapita, akafanya kazi mpaka saa kumi na mbili jioni kama kawaida. Siku ya nane, saa tatu asubuhi, msimamizi alisimama kwenye ngazi ya nne, mikono nyuma. Chini yake, mlinzi na mwenzake wa zamu walikuwa wametumwa kuibeba meza hadi nje ya lango. Bwana Katoni alikuwa mlangoni kwake, anapanga makatoni ambayo yalikuwa yameshapangwa.

Meza ilikuwa haionekani kwa vitu. Kinyozi alikuwa ameleta kioo chake, mtengeneza meno taa yake ya shingo ndefu, jamaa wa nyanya taa mbili za zambarau. Wifi alikuwa amekaa ngazi ya kwanza kabisa, sketi mapajani, anashona pindo kwa mkono, amejaza njia nzima.

"Pita, bwana msimamizi," alisema bila kuinua macho. "Kama utapata pa kupita."

Mama Kibano hakupiga kelele. Alikuwa ameinama juu ya taa ya bandani, kifuniko kimetoka, kipimo cha umeme mkononi, anagusa punje moja moja. Ya tisa ikawaka kidogo. Ya kumi ikawaka. Ya kumi na moja ikakaa kimya.

"Mzee wangu," akamwambia mlinzi, "umetumwa, fanya kazi yako, mimi sitakushika mkono. Ila hii niliyoifungua ina vifaranga mia mbili wanaoisubiri. Nami nikiwa nimeshaifungua, siiachi wazi. Ukiinua meza, inua na mimi kitini kwangu, nitamalizia nje."

Akachomoa kibano kichwani, akazuia pumzi, akaing'oa ile punje.

Mlinzi alikuwa ameshaweka mikono yake chini ya ubao wa meza. Mwenzake alikuwa upande wa pili, anamtazama yeye aseme. Juu yao msimamizi akakohoa na kusema, "Haya, inueni."

Sasa niambie wewe unayesoma, mikono hiyo ingekuwa yako, mshahara wako unasimama kwenye ngazi ya nne na mama huyu amezuia pumzi, ungeinua?